Nitaisikiaje sauti ya Mungu katikati ya kelele za Dar? Na nitajuaje si mawazo yangu?

Binti wa Kimara

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba msaada wa waliokomaa katika jambo hili.

Nimeokoka miaka kadhaa sasa. Nasali, natoa sadaka, ibada ya Jumapili sikosi. Ila wenzangu kwenye kikundi cha maombi kila mara wanasema "Bwana amenena nami", na mimi nikikaa kusikiliza nasikia redio ya jirani, ndoo kisimani na mawazo ya kodi. Naishi nyumba ya kupanga Kimara, vyumba sita, choo kimoja. Natoka saa 11:30 alfajiri kuwahi mwendokasi, nashinda nimesimama dukani Kariakoo, narudi saa 2 usiku nimechoka.

Nina maswali matatu. Mtu mwenye ratiba kama yangu afanye nini hasa, hatua kwa hatua? Nitapambanuaje sauti ya Mungu na mawazo yangu? La tatu ndilo linaloninyima usingizi: tajiri wangu anafungua duka Dodoma, anataka nikalisimamie, na jibu analitaka ndani ya wiki tatu. Mama yangu ananitegemea, yuko Mbagala. Kuna mtumishi amenitabiria nisiende, na kwamba mlango wa Dar utafunguka nikipanda mbegu, yaani sadaka, ya laki mbili. Sina amani. Tafadhali msiniambie tu "zidi kuomba".

Mlezi wa Wanafunzi

Asifiwe sana, dada. Nianze na swali la pili, maana hilo likikaa sawa la kwanza linakuwa jepesi.

Samweli alikuwa amelala hekaluni, palipokuwa na sanduku la Mungu, na bado sauti ilipomwita alimkimbilia Eli mara tatu (1 Samweli 3). Mstari wa 7 unatoa sababu: alikuwa hajamjua Bwana bado, wala neno la Bwana lilikuwa halijafunuliwa kwake. Haikuwa dhambi wala laana ya ukoo. Alikuwa hajazoea. Waebrania 5:14 inawataja watu wazima wa kiroho kuwa ni wale ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Kusikia ni kitu cha kujifunza, na shule yake ni Maandiko. Anayelijua vizuri lile ambalo Mungu amekwisha kusema ndiye anayeshtuka haraka akiletewa lisilofanana nalo. Tatizo la wengi ni kutaka neno jipya kuhusu kazi, ndoa au safari, hali katika vitabu 66 hakuna hata kimoja walichokisoma toka mwanzo hadi mwisho.

Sasa ratiba. Ukitoka 11:30, amka 10:45. Oga na uvae kwanza, kabla foleni ya choo haijaanza, kisha ukae kwenye kiti au stuli kwa dakika 25. Ukikaa kitandani na shuka miguuni utasinzia tu. Simu zima data, na kama unatumia Biblia ya simu, tafuta ya karatasi kwa saa hiyo, kwa sababu ujumbe mmoja wa WhatsApp ukiingia umekwisha. Na ujue alfajiri inaanzia usiku: usipolala ifikapo saa 4 usiku ratiba hii haidumu hata wiki.

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16. Ukienda mistari 10 hadi 15 kwa siku utaimaliza kwa mwezi mmoja na nusu au miwili na kidogo. Usirukeruke, leo Zaburi kesho Ufunuo. Soma kifungu mara mbili kwa sauti ya chini, midomo ikitembea, taratibu kuliko unavyodhani inatosha. Biblia ya tafsiri ya Union Version inafaa sana kwa kukariri. Sentensi ikikwama, fungua tafsiri ya Habari Njema uone inavyolisema jambo lilelile. Kisha andika kwenye daftari majibu mafupi ya maswali matatu: Kifungu hiki kinamwonyesha Mungu akoje? Watu waliomo wanafanya nini, na mimi nafanana na nani kati yao? Kuna amri, onyo au ahadi gani hapa?

Nikuonyeshe kwa mfano mmoja. Marko 1:35-38. Yesu anaondoka alfajiri na mapema sana, anakwenda mahali pasipokuwa na watu, anaomba. Simoni na wenzake wanamfuata, wanamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Tazama kilichotangulia: jioni ile mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni, wagonjwa wameponywa. Kwa hesabu ya kibinadamu angebaki Kapernaumu, wateja wamejaa. Yeye anasema twendeni mahali pengine, nipate kuhubiri huko nako. Sasa hapa ndipo mtu mwenye jambo la kuhama hurukia: "Twendeni mahali pengine! Ni Dodoma hiyo!" Hapana, dada. Kifungu hakizungumzii duka lako. Kinachosema ni kwamba Yesu hakupangiwa njia na mahitaji ya watu wala mafanikio ya jana. Alipangiwa na kile alichotumwa. Swali linalokuja kwako kutoka hapo ni gumu na la kweli zaidi: mimi huwa naamua kwa kuogopa nani ataudhika, au kwa nilichoitiwa? Hiyo ndiyo tofauti ya kusikiliza Neno na kuliokotea bahati. Kumbuka hata shetani alimnukulia Yesu Zaburi ya 91 (Mathayo 4:6), maneno yakiwa ya kweli na matumizi yakiwa ya uongo.

Ukishaandika, geuza ulichosoma kiwe maombi kwa dakika tano, ukitumia maneno ya kifungu chenyewe. Kisha nyamaza dakika tano. Usingoje sauti ya masikioni. Shika kirai kimoja kutoka kwenye kifungu, ukirudie polepole. Mawazo ya kodi yatakuja. Yaandike kwa neno moja ukurasa wa mwisho wa daftari, urudi. Ukirudi mara ishirini, umesali mara ishirini.

Halafu mstari mmoja wa utii. Watu huuruka huu na ndiyo maana hawakui. Usiandike "nitakuwa mwaminifu", huo hauna pa kushikia. Andika: "Leo sitamwambia mteja bei ya uongo ya kununulia mzigo." Wewe uko Kariakoo, unajua nasema nini. Jioni tia alama kama umefanya au hukufanya. Yohana 7:17 inasema mtu akipenda kuyatenda mapenzi yake, atajua habari ya mafunzo hayo; kupenda kutenda kunatangulia kujua. Mtu anayelalamika Mungu amenyamaza, mara nyingi kuna jambo dogo alikwisha kuambiwa, wazi kabisa, na halijafanyika: deni la mtu, msamaha kwa ndugu. Aanzie hapo. Si kila ukimya sababu yake ni hiyo, lakini ndiyo ya kwanza kuangaliwa.

Abiria wa Mwendokasi

Mlezi amemaliza upande wa nyumbani, mimi naongeza njiani, maana saa mbili au tatu za siku yako ziko humo.

Asubuhi ukibanwa mlangoni hata daftari huwezi kulifungua, kwa hiyo usipange kusoma. Panga kukariri. Andika mstari kwenye kipande cha kadi kinachoenea kiganjani. Zaburi ya 23 ina mistari sita. Mstari mmoja kwa siku mbili, siku kumi na mbili umeishika yote. Ukate mstari penye alama za mkato, ushike kipande kimoja toka Kimara hadi Ubungo, kingine toka Ubungo hadi Magomeni, mwishoni uviunganishe. Siku ya pili usishike kipya, rudia bila kadi. Wengi hushindwa kukariri kwa kuongeza mapya kabla ya la jana halijakaa.

Jioni umechoka, sikiliza Biblia ya sauti kwa hedifoni, uwe umeipakua usiku ili bando lisikusumbue. Sura moja mara mbili ni bora kuliko sura nne mfululizo. Chukua ileile utakayoisoma kesho alfajiri, ukikaa nayo itakuwa si ngeni.

Kuhusu kelele: usipigane nazo. Redio ya jirani hutaizima kwa kukemea. Ila mara moja kwa wiki tafuta saa nzima ya utulivu wa kweli. Siku ukitumwa mjini, Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ziko jirani hapo karibu na bahari; uliza saa ambazo kanisa liko wazi, uingie ukae. Si lazima uwe Mlutheri au Mkatoliki kukaa kimya kwenye benchi. Vilevile muulize mzee wa kanisa lenu kama jengo linaweza kufunguliwa Jumamosi asubuhi. Wengi hawajawahi kuuliza tu.

Mwanajumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Nitajikita kwenye hilo la Dodoma, kwa sababu Kanisa lina hazina ya zamani juu ya kuamua, na inamfaa Mkristo yeyote.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521, kwenye mapigano ya Pamplona, mzinga ulimvunja mguu, akalala kitandani muda mrefu. Akiota habari za vita na sifa alifurahi, lakini baadaye alibaki mkavu. Akiwaza kumfuata Kristo kama watakatifu walivyofanya alifurahi pia, na furaha ile ilibaki. Kutokana na kuangalia hilo, yaani kinachobaki baada ya wazo kupita, alijifunza kupambanua. Kwa hiyo usipime wazo kwa joto linalokuja nalo, lipime kwa linachokiacha. Faraja ni imani, matumaini na upendo vikiongezeka, hata kama machozi yanatoka. Ukiwa, kinyume cha faraja, ni giza, fadhaa, uvivu wa kusali, kujiona Mungu yuko mbali. Na kanuni yake moja ni ya kuibeba mfukoni: wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi uliofanya wakati wa faraja. Ongeza sala, subiri, usihamehame.

Sasa fanya hivi. Andika swali kwa sentensi moja inayojibika kwa ndiyo au hapana: "Je, nikubali kusimamia duka la Dodoma kwa masharti haya?" Usiandike "Mungu ana mpango gani na maisha yangu?" Hilo halijibiki kwa wiki tatu. Kisha uombe neema ya kutoegemea upande, uwe tayari kwa lolote kati ya mawili. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ukilikosa mengine hayana maana. Soma Yeremia 42 na 43: watu walimwomba nabii awaulizie kwa Bwana, wakaahidi kutii neno lolote, jema au baya. Neno lilikuja baada ya siku kumi. Waliposikia wasiende Misri wakamwita Yeremia mwongo, kwa sababu mizigo ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Ukigundua huwezi kuomba "mapenzi yako yatimizwe" kwa upande mmoja bila tumbo kukaza, umepata cha kuombea wiki ya kwanza.

Gawa ukurasa mafungu manne: faida za kwenda, hasara za kwenda, faida za kubaki, hasara za kubaki. Watu huandika mawili tu na kudhani yanajitosheleza. Jaza kwa namba: mshahara wa Dodoma ukitoa kodi na nauli ya kurudi, mama atapata shilingi ngapi kwa mwezi kulinganisha na sasa? Nani atampeleka kliniki? Utasali wapi, na nani atakujua huko kwa jina? Roho Mtakatifu hadharau hesabu. Yesu mwenyewe alisema ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28).

Baada ya hapo ishi siku tatu kama mtu aliyekwisha kuamua kwenda. Usimwambie mtu, ila uamke nao, upande basi nao, usali nao. Kila usiku andika mistari miwili: kimebaki nini moyoni? Siku tatu zinazofuata ishi kama aliyeamua kubaki. Ulinganishe. Tena ujiulize, kama dada usiyemjua angekuletea jambo hilihili, ungemshauri nini? Na siku ya kufa kwako ungetamani uwe umechagua lipi? Maswali haya mawili yanaondoa moshi mwingi.

Mwisho nenda kwa watu wawili au watatu wenye hofu ya Mungu wasiofaidika na jibu lako. Tajiri wako hafai, na huyo mtumishi wa laki mbili pia hafai. Mama yako ana haki ya kusikilizwa, ila usimpe mzigo wa kukuamulia.

Simba wa Mbezi

Mbona mnamzungusha dada wa watu? Aweke ngozi kama Gideoni. Amwambie Bwana, kama ni wewe, tajiri anipigie simu kabla ya saa sita kesho. Ikipigwa aende, isipopigwa abaki. Mungu ni yeye yule jana na leo.

Mlezi wa Wanafunzi

Kaka Simba, ni yeye yule, kweli. Ila soma Waamuzi 6 toka mstari wa 14. Gideoni alikuwa amekwisha kutumwa kwa maneno ya wazi, "Enenda kwa uwezo wako huu", kabla ya ile ngozi ya kondoo ya mstari wa 36, aliyoiweka nje usiku akiomba ishara ya umande. Ile ngozi haikumpa mwongozo, iliutegemeza moyo uliokuwa unatetemeka, na yeye mwenyewe anaomba Mungu asimkasirikie. Mungu alimvumilia. Kumvumilia mtu si kutuwekea utaratibu.

Na simu ya tajiri kabla ya saa sita inategemea kama tajiri ana salio. Ishara unayoiweka wewe, na kuitafsiri wewe, inakuambia ulichotaka. Hali kadhalika kufungua Biblia ukiwa umefumba macho na kuweka kidole.

Mfano bora wa mwongozo uko Matendo 16:6-10. Paulo na wenzake walizuiwa na Roho kulihubiri neno katika Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakakataliwa, wakafika Troa, na usiku Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia. Angalia mstari wa 10: maono aliyaona mmoja, ila waliohakikisha kuwa Mungu amewaita ni wote. Na hata milango iliyofungwa waliikuta wakiwa wanatembea.

Binti wa Kimara

Milele amina, Mwanajumuiya, na asanteni wote. Nimeanza na Marko leo alfajiri. Nilivyoandika mstari wa utii nimejua kuna mtu natakiwa kumwomba radhi dukani.

Ila sijamaliza. Yule mtumishi amepiga simu tena. Anasema nifunge kavu siku tatu, na mama aache vidonge vya presha kama tendo la imani. Anasema nikikataa nimemzimisha Roho. Naogopa kumkosea Mungu.

Mama Mwombezi

Mwanangu, hapa nitasema wazi. Mama asiache vidonge. Presha ikiachwa bila dawa hupanda kimyakimya, mtu hajisikii vibaya hata kidogo, kisha kiharusi kinakuja mara moja. Anayetaka kubadilisha dawa au kipimo aende kwa daktari aliyeiandika. Fungua Isaya 38. Mfalme Hezekia aliugua hadi kufa, Mungu akamwongezea miaka 15 kwa kinywa cha Isaya. Na Isaya yuleyule, baada ya neno lile, akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa zilitoka kwa nabii mmoja. Omba kwa imani yote, mama akimeza kidonge chake saa ileile ya kila siku.

Kuhusu kumzimisha Roho: andiko ni 1 Wathesalonike 5:19, na huyo mtumishi ameishia njiani. Mstari wa 20 unasema msitweze unabii, na wa 21 unasema jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Kumpima nabii ni amri ya andiko lilelile. 1 Wakorintho 14:29 inasema manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Nabii anayekasirika akipimwa amekwisha kujibu swali.

Unapimaje? Kwanza kama neno linapingana na Maandiko. Hata ishara ikitokea, Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inasema usimsikilize anayekuvuta mbali na Mungu. Tazama na matunda: kwa 1 Wakorintho 14:3 unabii unajenga, unafariji, unatia moyo. Hukemea pia, lakini haumwachi mtu amefungwa kamba ya hofu. Yakobo 3:17 ni kipimo kizuri sana, kisome taratibu: hekima itokayo juu ni safi, ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu. Linganisha na zile simu unazopigiwa.

Halafu pesa. Sadaka tunatoa, na mtumishi anastahili ujira wake, sibishani na hilo. Kinachokataliwa ni bei juu ya neno. Naamani alipopona ukoma, nabii Elisha alikataa zawadi kabisa. Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyeikimbilia alirudi na ukoma (2 Wafalme 5). Mika 3:11 inawataja manabii wanaobashiri kwa fedha katikati ya orodha ya uovu wa mji. Kama mlango wa Dar unafunguka kwa laki mbili, huo ni mlango wa duka.

Na soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu alikuwa na agizo lake mwenyewe, asile mkate wala kunywa maji mahali pale. Nabii mzee akamwambia malaika ameniambia nikurudishe. Andiko linasema alimdanganya. Alirudi, na simba akamuua njiani. Mungu akitaka kukuelekeza, wewe ndiye mwenye kuwajibika, kwa hiyo neno la mtu mwingine huja kuthibitisha lile unalolishughulikia na Mungu, halikai badala yake. Mwambie kwa heshima: "Mtumishi, asante, nimelipeleka kwa mchungaji wangu tulipime." Kisha ulipeleke kweli. Usipokee simu usiku.

Sasa mfungo, maana ni mzuri na watu wanauharibu. Kavu siku tatu imo katika Esta 4:16, jambo la taifa zima kuuawa, si zoezi la kuanzia. Kwa joto la Dar na kusimama kutwa, bila maji utaanguka dukani. Anza na mfungo wa kuanzia asubuhi hadi saa 9 alasiri, siku moja kwa wiki, ukinywa maji kidogokidogo, lita mbili hivi kwa siku. Baada ya wiki tatu au nne nenda hadi saa 12 jioni. Kama umezoea chai ya rangi au kahawa kila asubuhi, ipunguze siku tatu kabla, la sivyo kichwa kitakuuma ukadhani ni vita vya kiroho. Fungua kwa uji mwembamba au papai, subiri nusu saa, ndipo ule chakula cha kawaida na usijaze. Chipsi na pilau juu ya tumbo tupu zitakulaza, na maombi ya usiku yamekwenda.

Saa ambayo ungekula ndiyo saa ya kuomba. Mfungo usio na hiyo saa ni njaa tu. Na Isaya 58 inadai zaidi: kile ambacho hukula kimfikie mwenye njaa. Chakula cha mchana cha elfu tatu ulichoacha, mpe mtu siku ileile.

Wenye kisukari, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye vidonda vya tumbo na wanaotumia dawa za TB au za kufubaza VVU wasifunge chakula bila kuongea na daktari. Wafunge simu, wafunge televisheni, kama Danieli 10:3 alivyoacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu akaendelea kula.

Ndoto nazo, kwa kuwa utaulizia: iandike ukiamka, tarehe juu, uiache siku saba. Homa kali huleta ndoto nzito, na baadhi ya dawa pia, mfano mefloquine ya malaria. Ikiwa ni ya Mungu haitaharibika kwa kungojea na kupimwa. Na mtu akisikia sauti zinazomwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine, hapo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maombi yatamfuata hukohuko.

Binti wa Kimara

Shikamoo mama, na Mungu akubariki. Mama anaendelea na dawa. La mwisho: kuna siku nakaa zile dakika 25 na sihisi chochote. Nikiendelea hivyo wiki mbili na tarehe ya kujibu ikafika, nifanyeje?

Mwanajumuiya

Ukavu usiuogope. Zaburi ya 88 inaisha gizani bila jibu, na bado imo katika kitabu cha sala. Siku kavu soma Zaburi ya 13, mistari sita tu, ukiifanya yako. Usirefushe muda wala usiufupishe. Dakika 25 ziwe 25. Ila kagua mwili kwanza. Eliya alipoomba afe, Mungu hakuanza na sauti. Alimlaza, akamlisha, akamlaza tena, akamlisha tena (1 Wafalme 19), ndipo ukaja mlima Horebu na ile sauti ndogo, ya utulivu. Kama umelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa siku tano mfululizo, dawa ya kwanza ni kulala.

Tarehe ikifika na hujaona upande ulio wazi, tumia akili uliyopewa: angalia yale mafungu manne, ushauri wa wale wawili watatu, na kilichobaki moyoni siku zile sita. Chagua lililo bora kadiri unavyoona, ulipeleke mbele za Mungu kwa sala ya siku mbili tatu, ukimwomba alithibitishe au alizuie. Wakolosai 3:15 inasema amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu, na hiyo "mwenu" ni ya mwili mzima, kwa hiyo waeleze ndugu zako wa kikundi uliloamua na usikilize. Kisha ujibu. Pande zote mbili zikiwa halali, hakuna dhambi imefichwa katika mojawapo ikikuvizia.

Mlezi wa Wanafunzi

Naongeza moja tu la kazi. Usijaze yale mafungu manne kwa kukisia. Muombe tajiri masharti kwa maandishi: mshahara, nani analipa kodi ya miezi ya mwanzo, likizo ngapi za kuja kumwona mama, na kama nafasi yako ya Kariakoo inabaki usipoweza huko. Iombe kesho, maana wiki ya kwanza inaisha.